ETI KISWAHILI HAKINA FANTASIA? Staa, listi yake ya vitabu na zogo lililoenda kombo

Desemba ikifika kila mtu mjini ana listi. Wa muziki ana listi ya nyimbo, wa mapenzi ana listi ya waliomuumiza, na sasa fasheni iliyoingia ni listi ya vitabu. Hakuna ubaya. Tena ni afadhali mara mia kuliko kupiga picha na gari la kuazima. Ila mwaka huu kuna listi moja imezua zogo Instagram, na zogo lenyewe limeenda kombo. Watu wamemwagiana povu siku tatu nzima juu ya jambo lisilo na uzito, na jambo lenye uzito likapita kimya kimya kama mgeni asiyealikwa.

Kwa wasioipata stori: dada mmoja staa, jina lihifadhiwe, anayejulikana zaidi kwa matangazo ya vipodozi kuliko kwa kusoma, kaposti picha ya vitabu 12 vimepangwa juu ya kitanda, mshumaa pembeni, kikombe cha kahawa pembeni, kucha zimeiva. Chini akaandika kwamba hizo ndizo fantasia zake bora za mwaka na kwamba wadogo zake wa sekondari wazitafute likizo hii. Vyote 12 ni vya Kiingereza, na kati ya waandishi wake hakuna hata mmoja Mwafrika au mwenye asili ya Afrika. Mfuasi mmoja akamuuliza kwa adabu kabisa: dada, na vya Kiswahili je? Staa akajibu kwamba Kiswahili hakina fantasia, kina Abunuwasi na sungura tu. Emoji tatu za kucheka, akaendelea na maisha yake.

Hapo ndipo kaka mmoja wa hamasa, yule wa suti za bluu na semina za hotelini, akadandia treni. Hakugusa habari ya Kiswahili. Yeye shida yake ilikuwa mtu mzima, tena mwenye wafuasi, kusoma habari za majoka na mazimwi badala ya vitabu vya pesa. Siku ya pili mtangazaji mmoja wa kipindi cha asubuhi naye akatia neno: fantasia ya wazungu ni burudani, lakini ya Kiafrika ni uchawi mtupu, na watoto walindwe.

Aanze kumalizwa kaka wa hamasa, maana kesi yake ni nyepesi. Huyu anauza kijitabu kinachoahidi kwamba mtu akiamka saa kumi alfajiri, akaandika ndoto zake kwenye daftari na kuzisoma kwa sauti, hela itamtafuta yenyewe. Kama hiyo si fantasia, basi neno limekosa kazi. Tofauti ni kwamba mwandishi wa majoka anakwambia tangu kwenye jalada kuwa anabuni, wakati kaka yetu anakuchaji kiingilio halafu anaita ni uhalisia. Na hili la watu wazima kusoma mazimwi limeshapitwa. Januari 2025 Rebecca Yarros alitoa Onyx Storm, kitabu cha tatu katika mfululizo wake wa wapanda majoka, na ndani ya wiki moja zikauzwa nakala zaidi ya milioni 2.7. Hao hawakuwa watoto waliotoroka tuisheni. Ni watu wenye kazi, wenye mikopo, wenye ndoa, waliotaka kupumua. Mtu anayelipa bili zake hahitaji kibali cha mhamasishaji ili asome joka linaloongea.

Basi huyo keshapita. Listi yenyewe irudiwe.

Haki isemwe: listi ya staa si mbaya. Kuna Six of Crows ya Leigh Bardugo, wezi sita na mchongo mmoja usiowezekana, kitabu cha mwaka 2015 ambacho hadi leo kinawafundisha watu jinsi ya kupanga stori. Kuna The Cruel Prince ya Holly Black. Na kuna Sunrise on the Reaping ya Suzanne Collins, kilichotoka Machi 2025, ambacho hata mtu asiyependa fantasia angefaidika nacho. Ni kitabu cha tano katika ulimwengu wa The Hunger Games, kinarudi nyuma miaka 24 kabla ya Katniss, kwa Haymitch akiwa kijana wa miaka 16, katika michezo ya 50 ambapo vijana 48 wanatupwa uwanjani badala ya 24. Waliomjua Haymitch kama mlevi wa vitabu vya mwanzo wanaonyeshwa pombe ile ilianzia wapi. Lakini utamu wake hauko kwenye damu. Uko kwenye jinsi watawala wanavyoukata mkanda: kijana anafanya hiki uwanjani, watazamaji nyumbani wanaonyeshwa kile. Kwa kizazi kinachohukumu watu kwa video ya sekunde 15 iliyokatwa kichwa na miguu, kitabu hiki ni kioo. Staa alikiweka namba tisa, bila maelezo hata mstari mmoja. Namba moja akaweka chenye jalada linalong'aa zaidi.

Na hapo kwenye namba moja ndipo harufu inapoanza. Staa kawaambia wadogo zake wa sekondari wavitafute vitabu hivyo vyote. Ndani ya listi yumo Fourth Wing wa Yarros na yumo A Court of Thorns and Roses wa Sarah J. Maas. Fourth Wing ni kitabu cha watu wazima, kiliandikwa hivyo na kinauzwa hivyo, na kina kurasa za chumbani ambazo hazifichi chochote. Cha Maas kilitoka mwaka 2015 kikiwa kwenye rafu ya vijana, lakini mwaka 2020 kikatolewa upya kwa majalada mapya, safari hii kwa ajili ya watu wazima, kwa sababu kila aliyekifungua aliona kwamba rafu ile haikuwa yake. Watu wazima wakisoma hayo ni raha zao, hakuna wa kuwafunga midomo. Ila mtu anayemwelekeza binti wa kidato cha pili huko ana mambo mawili tu ya kujibu: ama hajavisoma, amevipiga picha, au amevisoma na hajali anaongea na nani. Lipi kati ya hayo ni afadhali, mashabiki wake waamue. Kati ya komenti zote zile, waliouliza hili walihesabika kwenye vidole vya mkono mmoja, na wakaambiwa wana wivu.

Wivu! Neno hili limekuwa mwavuli wa kila staa mvua ikinyesha.

Haya, lije sasa lile jibu la emoji tatu. Kiswahili hakina fantasia.

Mwaka 1951, Tanganyika ikiwa bado chini ya Mwingereza, Shaaban Robert alitoa Kusadikika. Ni habari ya nchi inayoelea angani. Kijana anaitwa Karama, kashitakiwa kwa kosa la kutaka watu wajifunze sheria, na anayemkaba koo mahakamani ni Waziri Mkuu mwenyewe. Karama anajitetea kwa stori: wajumbe sita waliotumwa pande sita, kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, mbinguni na ardhini, wakarudi na maarifa ya kuifaa nchi, na kila mmoja zawadi yake ikawa kifungo. Pande sita, jamani, moja ya kwenda mbinguni kabisa. Watu wanalipia filamu za namna hiyo kwa viingilio vya elfu kumi na popcorn juu. Na ukiiweka Kusadikika kando ya kile kitabu cha Collins alichokiweka staa namba tisa, utaona vinazungumza: watawala wanaoogopa stori isitoke kama ilivyotokea.

Mwaka uliofuata, 1952, mzee huyo huyo akatoa Adili na Nduguze. Humo ndugu wawili wenye roho mbaya wanageuzwa manyani na jini, na ndugu yao anayewapenda analazimishwa kuwachapa viboko kila usiku, analia huku anachapa. Kuna mji ambao watu wake wamegeuka mawe. Kuna ufalme wa majini wenye heshima na sheria zake. Kama hicho kingekuwa na jalada jeusi lenye maua ya dhahabu na jina la mwandishi wa Colorado, kingekuwa kitandani pa staa, mshumaa pembeni.

Na safari haikuishia kwa Shaaban. Euphrase Kezilahabi aliandika Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991, dunia mbili za ndoto ambazo msomaji anazipotelea kama mtu aliyeshuka kituo cha daladala asichokijua. Katama Mkangi wa Kenya, mwaka 1995, aliandika Walenisi: mtu kahukumiwa, karushwa angani ndani ya chombo, anaangukia sayari ambayo jina lake ukilisoma polepole linakwambia wale ni sisi. William Mkufya alitoa Ziraili na Zirani mwaka 1999, malaika wa mauti ndani yake na vita vya mbinguni. Said Ahmed Mohamed, mwaka 2001, alimfufua babu katika Babu Alipofufuka ili aje amkoseshe usingizi mjukuu wake kigogo. Na Kyallo Wamitila, katika Bina-Adamu! ya mwaka 2002, alimtuma mtu wake azunguke dunia kumtafuta nani? Peter Pan. Yule yule mtoto asiyekua wa Waingereza. Yaani fantasia ya Kiswahili ilishamtia mkononi Peter Pan na kumhoji alichoifanyia dunia, wakati staa bado hajajua kuwa lugha yake ina mchezo huo.

Na Abunuwasi na sungura ni wa kudharauliwa tangu lini? Nusu ya listi ile imejengwa juu ya hadithi za bibi wa wazungu, viumbe wa msituni wenye masikio ya ncha. Bibi wa kule kapewa mkataba, bibi wa huku kaambiwa amepitwa na wakati.

Huo ndio ugonjwa, na mtangazaji wa asubuhi ndiye aliyeutaja bila kujua. Joka likitoka Marekani ni fantasia. Jini likitoka Pemba ni ushirikina. Kijana wa chuo cha wachawi cha Uingereza akipunga kijiti watoto wanavaa fulana zake shuleni siku ya michezo, lakini mganga akitokea ukurasa wa tano wa hadithi ya Kiswahili mzazi anataka kitabu kichomwe. Kama hoja ni dini, majoka na vijiti navyo vichomwe. Kama hoja si dini, basi kuna kitu kingine kinachoonewa aibu, na kitu hicho kinafanana sana na bibi yake mtangazaji.

Lakini hofu yake isichekwe yote. Nchi hii ina kidonda. Mwishoni mwa miaka ya 2000, hasa Kanda ya Ziwa, watu wenye ualbino waliuawa na kukatwa viungo kwa sababu kuna waliouza na walionunua imani kwamba viungo vyao vinaleta utajiri. Hiyo haikuwa hadithi. Mtu akisema stori za uchawi zinaweza kulisha imani za namna hiyo, hajasema upuuzi, anastahili jibu.

Na jibu moja zuri lipo, limekuwepo tangu mwaka 2011, na halimo kwenye listi ya staa wala kinywani mwa mtangazaji. Ni Akata Witch ya Nnedi Okorafor, ambayo Nigeria na Uingereza ilitolewa pia kwa jina la What Sunny Saw in the Flames. Sunny ni msichana wa miaka 12, kazaliwa New York, anaishi Nigeria, ana ualbino. Shuleni wanamtania, jua linamchoma, mpira anaupenda na mchana hauwezi kuucheza. Halafu anagundua ana nguvu. Anapata marafiki watatu, wanajifunza pamoja, na wanatumwa kupambana na mtu anayeteka watoto. Soma tena hapo: anayewinda watoto ndiye mbaya wa stori, na anayemkabili ni msichana mwenye ualbino. Mwili wake haupo pale ili mtu atajirike. Ni wake, na una kazi yake. Vimefuata viwili, Akata Warrior wa 2017 na Akata Woman wa 2022. Kama kuna mfululizo ambao staa mwenye wafuasi Mwanza na Shinyanga angeushika mbele ya kamera kwa sekunde 30 na ukawa na maana kuliko krimu zote alizowahi kuzishika, ni huu. Mtangazaji angeona tu neno la pili kwenye jalada na kubadilisha stesheni.

Okorafor huyo huyo ndiye mwenye Binti, ya mwaka 2015, iliyochukua tuzo za Hugo na Nebula. Binti! Neno letu la kila siku limetajwa kwenye majukwaa makubwa ya fasihi ya namna hii duniani, wenye neno wanasema lugha yao haiwezi.

Wengine wako tele. Tomi Adeyemi na Children of Blood and Bone ya 2018, mfululizo uliofungwa mwaka 2024, uchawi wa Kiyoruba uliopigwa marufuku na mfalme na msichana anayetaka urudi. Jordan Ifueko na Raybearer ya 2020. Namina Forna, mzaliwa wa Sierra Leone, na The Gilded Ones ya 2021. Vyote ni vya vijana kweli, vya kumpa mdogo wa sekondari bila kutazama chini. Viko kwenye duka lile lile la mtandaoni alikovinunua vile 12. Ilikuwa ni kubonyeza tu.

Sasa, wale wanaomtetea staa wana hoja moja ya maana na ni ya kweli. Vitabu vya Kiswahili vilivyotajwa hapo juu si vya vijana kwa maana ya leo. Nagona haisomeki kwenye mwendokasi. Ziraili na Zirani inataka kichwa kilichopumzika. Na Shaaban Robert wengi walikutana naye darasani, taja dhamira nne na ueleze mwandishi amefaulu kwa kiasi gani, kwa hiyo wakimwona tena wanasikia kengele ya mtihani badala ya hadithi. Mwenye miaka 15 anayetaka mfululizo wa Kiswahili, vitabu vitatu vinene, msichana wa Temeke na kiumbe cha Bahari ya Hindi, akizunguka madukani hatoki na mzigo mkubwa. Hilo ni pengo na si la kufichwa.

Ila pengo si lugha. Pengo ni pesa na uvivu. Wachapishaji wengi wanaishi kwa vitabu vya shule, kwa sababu shule inanunua kwa wingi na kijana ananunua kimoja kimoja akiazimana na wenzake sita. Tafsiri nazo zinakuja kwa kujikokota: Paradise ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, ilitoka mwaka 1994, akapata Nobel mwaka 2021, ndipo Peponi ikaja kwa Kiswahili mwaka 2022. Miaka 28! Halafu hapo hapo wasomaji wenyewe, wakiwemo waliompigia makofi staa, wanagawana vitabu kwenye magrupu ya Telegram kwa PDF za bure, kisha wanauliza kwa nini waandishi wa hapa hawaandiki mfululizo.

Na ajabu ni kwamba waandishi hao wapo, ila hawana mshumaa pembeni. Wako WhatsApp, wanauza simulizi kipande kwa kipande: sehemu ya kwanza bure, ya kumi na moja tuma buku kwenye namba hii. Majini wanaooa binadamu, makaburi yanayofunguka usiku wa manane, pete zisizovulika. Kuna upuuzi mwingi humo, na kuna makosa ya tahajia ya kuumiza macho, lakini kuna wachache wanaojua kukata sehemu pale pale moyo unapodunda, na wana wasomaji wanaolipa kwa simu bila kuombwa mara mbili. Wanaofuatilia ni wasichana wa saluni, madereva wa bodaboda, walinzi wa usiku. Kwa staa na mtangazaji hao si wasomaji, kwa sababu hawana picha ya kitanda. Mchapishaji mwenye akili angekaa kwenye magrupu hayo mwezi mmoja akiwa na daftari, angetoka na waandishi watatu na soko lao tayari.

Juzi staa karudi tena na posti nyingine. Hajafuta ile ya mwanzo, hajaigusa habari ya wadogo zake wa kidato cha pili, ila katangaza kwamba Januari anaanzisha klabu ya vitabu kwa kiingilio, na kitabu cha kwanza ni kile kile cha jalada linalong'aa. Chini yake yule mfuasi mwenye adabu kauliza tena: dada, Adili na Nduguze naweza kukipata wapi? Kajibiwa na mashabiki, si na mwenyewe, kwamba aache ushamba.

Mdogo wetu asihangaike na hao. Aanzie Maktaba Kuu ya Taifa, pale barabara ya Bibi Titi Mohamed, aulizie rafu ya Shaaban Robert. Wakimwambia kimeazimwa, apite kwa wauza vitabu vya mitumba wa pale mjini, awape jina na namba ya simu. Wale wakikipata wanapiga.